Insulini ukutani: hesabu zilizogeuka nguo mwaka 1951

Wasomaji wangu, leo tuyaweke kando mambo ya seva na programu, tuzungumze kuhusu vitambaa. Msishangae. Mkifika mwisho mtaona kwamba hatukutoka mbali na tarakilishi hata kidogo.

Mwaka 1951 mjini London palikuwa na mkahawa kando ya mto Thames ulioitwa Regatta. Aliyeingia mle kula alizungukwa na nakshi za aina moja: duara ndani ya duara, vijimistari vinavyojipinda kama alama za vidole, madoa yaliyopangwa kwa safu. Zilikuwa kwenye mapazia, kwenye zulia, kwenye vyombo vya mezani. Mgeni asiyejua angedhani ni maua ya kubuni au ndoto ya mchoraji fulani wa kisasa. Kumbe zilikuwa ramani za mahali atomu zinapokaa ndani ya vitu, zilizopatikana maabarani kwa miaka mingi ya vipimo na hesabu.

Habari hii imesimuliwa mara kadhaa, na kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho kizuri: wanasayansi na washonaji walikutana, wakapambana na rangi, mambo yakapendeza. Mimi naiona tofauti. Naamini vitambaa vile vilifanya jambo ambalo nguo hazikuwa zimelifanya kabla, nalo ni kuning'iniza hadharani swali ambalo wataalamu wenyewe walikuwa bado hawajalijibu. Tuanze mbali kidogo ili hoja yangu ieleweke.

Kutazama vitu vidogo na kuvitia kwenye urembo si jambo la jana. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Watu wengi humkumbuka kwa mchoro wa kiroboto, lakini Hooke alitazama pia ncha ya sindano, kitani na hariri. Tena alipoitazama hariri alijiuliza kama binadamu naye hangeweza kutengeneza ute wa kuvutwa ukawa uzi, kama afanyavyo kiwavi wa nondo wa hariri. Fikiria, swali la nyuzi za kiwandani liliulizwa zaidi ya miaka 200 kabla ya viwanda vyenyewe.

Baadaye akaja Mjerumani Ernst Haeckel. Kati ya 1899 na 1904 alitoa kitabu cha michoro 100 ya maumbile, kiitwacho Kunstformen der Natur, na miongoni mwake mlikuwa na radiolaria na diatomu. Hivi ni viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho matupu, na vingi vina kiunzi au ganda la silika lililotobolewa matundu kwa ustadi wa kutisha. Mchora ramani za majengo René Binet aliyatumia maumbo ya radiolaria kubuni lango kuu la Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Halafu mwaka 1931 mpiga picha Mfaransa Laure Albin Guillot akatoa albamu iitwayo Micrographie décorative, picha za diatomu, mimea na fuwele zilizopigwa kupitia hadubini. Jina lenyewe linakuambia nia yake: vitu hivi vitumike kupamba.

Hao wote walikuwa na jambo moja la kawaida. Walichora au kupiga picha kitu ambacho jicho, likisaidiwa na lenzi, linakiona. Lakini lenzi ina kikomo. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, ilhali atomu mbili zilizoshikana zimetengana kwa sehemu ya kumi au mbili za kumi za nanomita. Kutafuta atomu kwa mwanga huo ni kama kupapasa nafasi kati ya chembe za chumvi kwa kiganja cha tembo. Haitafaa, hata ukinunua hadubini ya bei gani.

Suluhisho lilikuwa eksirei, ambazo mawimbi yake ni mafupi vya kutosha. Mwaka 1912 Max von Laue alionyesha kwamba eksirei zikipita ndani ya fuwele hutawanyika kwa mpangilio. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence wakaanza kuutumia mpangilio huo kujua atomu zimekaaje, na mwaka 1915 wakatunukiwa Nobel pamoja.

Kwa nini lazima iwe fuwele? Chukueni kitenge na leso mvitandaze. Leso ina pindo kuzunguka, mji katikati na jina lake chini. Ukikata kipande cha kona huwezi kukitumia kuijenga leso nzima. Kitenge kwa kawaida ni tofauti: kuna kipande kimoja cha nakshi, na kiwanda kinakirudia kulia, kushoto, juu na chini mpaka jora liishe. Ukikijua kipande kimoja umekijua kitambaa chote. Fuwele ni kitenge cha aina hiyo, ila kinarudiwa pande tatu, na kipande chake kimebeba atomu badala ya rangi. Marudio yale mamilioni kwa mamilioni ndiyo yanayoipa eksirei nguvu ya kuacha alama inayopimika.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mwandika programu atalifurahia. Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba ukitaka kurudia nakshi kwenye bapa, ukihesabu na namna zote za kuizungusha na kuigeuza kama kwenye kioo, njia ziko 17 tu. Hakuna ya 18. Fundi wa mazulia, mchora vitenge na mtaalamu wa fuwele wote wanacheza ndani ya uwanja huo mmoja. Kwa hiyo ndoa ya fuwele na vitambaa haikuwa ya kulazimishwa. Walikuwa ndugu wa damu waliokuwa hawajatambulishana.

Haya, eksirei zimetawanyika, filamu imepata madoa. Je, hiyo ndiyo picha ya atomu? La. Kila doa linakuambia nguvu ya wimbi moja. Ili upate picha inabidi uyajumlishe mawimbi yote, kila moja na nguvu yake, kila moja na mwelekeo wake. Ukimaliza unapata namba nyingi zilizotawanyika kwenye karatasi, kila namba ikionyesha elektroni zimesongamana kiasi gani mahali hapo. Unaunganisha namba zinazolingana kwa mistari, kama kontua za milima tulizochora katika somo la jiografia. Kilele ni atomu. Bonde ni nafasi tupu.

Nani alijumlisha? Watu, kwa mkono. Arnold Beevers na Henry Lipson walibuni katika miaka ya 1930 visanduku vyenye vipande vyembamba vya karatasi ngumu, kila kipande kikiwa kimechapishwa thamani za wimbi moja katika vituo vyake. Unachomoa vipande unavyohitaji, unavipanga kimoja chini ya kingine, unajumlisha safu, unaandika jibu, unavirudisha, unaanza tena. Ndugu zangu, hiyo ni programu. Kumbukumbu yake ni kisanduku cha mbao, na kichakataji chake ni binadamu mwenye penseli na subira.

Basi katika watu wa kazi hiyo alikuwapo Helen Megaw, mzaliwa wa Dublin mwaka 1907, aliyesomea na baadaye kufanya kazi Cambridge. Megaw alikuwa akichora ramani hizi mwenyewe na kuziona nzuri. Mwaka 1946 alimwandikia Marcus Brumwell wa kampuni ya usanifu iitwayo Design Research Unit, akipendekeza wachoraji wa vitambaa na karatasi za ukutani wazitazame. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri ule haukutafutwa na mtu. Mchora ramani alitaka usahihi na kueleweka tu, na uzuri ukajitokeza wenyewe.

Pendekezo hilo halikuzaa kitu mara moja. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na nguo ziliendelea kuuzwa kwa mgawo mpaka mwaka 1949. Ni mwaka huohuo ambapo mtaalamu mwingine wa fuwele, Kathleen Lonsdale, alizungumza mbele ya wasanifu wa viwandani juu ya nakshi hizi. Lonsdale ndiye aliyeonyesha mwaka 1929 kwamba pete ya benzini ni bapa, na mwaka 1945 alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuingizwa katika Royal Society. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Mark Hartland Thomas, afisa wa Baraza la Usanifu wa Viwandani, ambaye alikuwa akitafuta wazo la Tamasha la Uingereza lililopangwa kufanyika 1951. Wazo likawa limempata.

Likaundwa Kundi la Nakshi za Tamasha. Viwanda 28 viliingia: wa hariri, wa lesi, wa mazulia, wa karatasi za ukutani, wa vyombo vya udongo, wa plastiki, wa vioo. Megaw akawa mshauri wa kisayansi. Yeye ndiye aliyekusanya michoro kutoka kwa wenzake, akaipanga na kuwaeleza wachoraji wa viwandani kile walichokuwa wakikitazama. Vitambaa vingi vilipewa jina la kitu kilichopimwa pamoja na namba ya mchoro wake. Ndiyo maana utakuta karatasi ya ukutani ya kiwanda cha John Line iitwayo Insulin 8.25, na nyingine Boric Acid 8.34. Mimi majina hayo yananifurahisha sana. Yanafanana na matoleo ya programu.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, pazia la Regatta. Lilibuniwa na Marianne Straub, mzaliwa wa Uswisi, kwa kiwanda cha Warner & Sons, na liliitwa Surrey. Nakshi yake ilitoka kwenye madini ya afwillite, ambayo Megaw alikuwa akiyachunguza yeye mwenyewe. Madini haya yaligunduliwa kwenye mgodi wa almasi wa Dutoitspan, Kimberley, Afrika Kusini, yakaelezwa mwaka 1925 na kupewa jina kutokana na Alpheus Fuller Williams, meneja wa De Beers. Ni ya kalsiamu, silika na maji, jamaa wa karibu wa kile kinachotokea saruji ikichanganywa na maji ikaganda. Kwa hiyo jiwe la mgodi wa Afrika lilipigwa eksirei Uingereza, likageuzwa namba, namba zikageuzwa kontua, na kontua zikageuzwa pazia la sufu, pamba na rayoni.

Tena pazia hilo lilifumwa kwa mtambo wa Jacquard. Mnaukumbuka mtambo huo? Ni ule wa mwaka 1804, unaoongozwa na kadi zilizotobolewa: penye tundu uzi unanyanyuka, pasipo na tundu unabaki chini. Charles Babbage aliziazima kadi hizo katika mpango wake wa mashine ya kukokotoa, na kwa miongo mingi tarakilishi zililishwa kadi za matundu. Hesabu ikaingia upande mmoja wa mtambo, ikatokea upande wa pili ikiwa nguo. Sioni tofauti kubwa kati ya hilo na faili linalotumwa kwa mashine ya kuchapisha leo.

Sasa nifike kwenye hoja niliyoiahidi. Afwillite ilikuwa ikielekea kueleweka. Insulini je?

Insulini ilianza kudungwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1922. Mwaka 1935 Dorothy Hodgkin alipata picha zake za kwanza za eksirei za fuwele ya insulini. Lakini kuna tatizo nililolirukia hapo juu makusudi. Filamu inakuambia nguvu ya kila wimbi, haikuambii wimbi hilo lilianzia wapi, kama ni kileleni au bondeni. Bila habari hiyo huwezi kuyajumlisha mawimbi sawasawa. Kwa madini yenye atomu chache unaweza kubahatisha na kusahihisha. Kwa insulini, yenye atomu karibu 800 katika molekuli moja, huwezi.

Mwaka 1934 Arthur Patterson alionyesha kwamba hata bila habari hiyo kuna ramani nyingine inayoweza kupatikana: ramani ya umbali na mwelekeo kati ya kila atomu na kila atomu nyingine. Fikiria mji wenye nyumba 1,000. Hukupewa ramani ya nyumba. Umepewa mishale karibu milioni moja, kila mmoja ukieleza safari ya kutoka nyumba moja hadi nyingine, na yote imechorwa kuanzia nukta moja. Habari za mji zimo mle ndani, lakini nani atazifumbua?

Ramani ya namna hiyo ndiyo iliyobandikwa ukutani kwa jina la insulini. Ya himoglobini nayo, iliyotoka kwenye kazi ya Max Perutz, ilikuwa ya aina hiyohiyo. Mwaka 1951 hakuna mtu duniani aliyejua umbo la molekuli hizo mbili. Watu walitazama zile duara nzuri wakiwa wameshika vikombe vyao, na hata Hodgkin angekuwa ameketi meza ya pili asingeweza kuwaambia zina maana gani. Perutz alilipata umbo la himoglobini, kwa ukungu bado, mwaka 1959. Hodgkin na wenzake waliipata insulini mwaka 1969, miaka 34 baada ya picha ile ya kwanza, na miaka 18 baada ya karatasi ya ukutani. Kati yake alikuwa ameshatunukiwa Nobel ya 1964 kwa kazi nyingine, ikiwemo penisilini na vitamini B12.

Jibu hilo halikuwa la kujifurahisha. Ilipojulikana molekuli za insulini zinavyoshikana mbilimbili, watafiti waliweza kuibadilisha sehemu ndogo ili ziachane upesi zikiingia mwilini. Insulini ya namna hiyo, lispro, iliidhinishwa mwaka 1996. Mgonjwa anayejidunga dakika chache kabla ya kula badala ya kusubiri nusu saa anakula matunda ya swali lililokuwa likining'inia ukutani.

Na tarakilishi zilisaidia. Palepale Cambridge, mashine ya EDSAC ilianza kazi mwaka 1949, na mwaka 1952 John Bennett na John Kendrew walichapisha namna ya kuitumia kwa majumlisho haya ya fuwele. Vile visanduku vya karatasi vilianza kupata mrithi.

Vitambaa vyenyewe havikuwa na bahati ndefu. Tamasha lilifungwa Septemba 1951, baada ya watu milioni nane na nusu kufika kwenye uwanja wake mkuu. Serikali ikabadilika mwezi uliofuata na majengo mengi yakabomolewa, Regatta likiwemo. Kundi halikuendelea. Kilichoendelea ni mtindo wa vijiti na mipira, saa za ukutani na vitambaa vilivyojifanya vya atomu bila kupimwa na mtu yeyote. Siuchukii mtindo huo. Lakini ukiulinganisha na jengo la Atomium la Brussels la mwaka 1958, ambalo ni kipande halisi cha fuwele ya chuma kilichokuzwa mara bilioni 165, unaona tofauti kati ya nakshi yenye mwenyewe na ya kuokota. Kundi lenyewe lilikumbukwa vizuri mwaka 2008, lilipofanyiwa maonyesho na Wellcome Collection, London.

Kuna jambo moja linaloniuma katika historia hii. Megaw, Lonsdale, Hodgkin na Straub, wanawake wanne, ndio waliobeba sehemu nzito ya kazi: wazo, vipimo, maelezo, ufumaji. Ila aliyenunua kitambaa alipata jina la kiwanda, jina la dawa au madini, na namba. Sisi waandika programu tuna desturi nzuri ya kuweka jina la kila aliyechangia ndani ya faili. Nguo haikuwa na mahali pa kuliweka.

Leo nafasi ipo. Tangu mwaka 1971 kuna hazina iitwayo Protein Data Bank, na sasa ina maumbo ya molekuli zaidi ya 200,000, insulini na himoglobini zikiwemo, kila moja na majina ya waliolipima. Kupakua ni bure. Kujumlisha mawimbi ni mistari michache ya programu, na kurudia kipande kwa njia moja kati ya zile 17 ni michache mingine. Na anayependa maumbo ya Haeckel asiende mbali: Kariandusi, karibu na Gilgil, unachimbwa udongo mweupe ambao ni maganda ya diatomu za ziwa la kale. Kijiko kimoja chini ya hadubini kina nakshi za kutosha duka zima la vitenge.

Rangi chagua upendavyo, kwa sababu atomu hazina rangi ya kukupinga. Mistari yenyewe usiiguse. Na pale kwenye leso ambapo huandikwa jina, mwandike aliyepima.

Nakomea hapo kwa leo. Atakayekuwa wa kwanza kuchapisha kitenge cha diatomu za Kariandusi anijulishe, nitanunua doti.